Siku Tuliyompisha Kisugulu

Mume wangu alikuwa na gari moja tu maishani mwake, jipu la zamani la kijani, na kila Jumapili baada ya misa ya kwanza alinitoa Likasi ndani ya gari hilo kwenda porini bila sababu yoyote. Nasema bila sababu kwa kuwa ndivyo majirani walivyosema. Mtu anakwenda Kakanda kutafuta kazi ya mgodi, anakwenda Mulungwishi kumwona mtoto shuleni. Sisi tulikwenda kwenye mawe na mashimo, tukala bukari, ugali wetu, na samaki kando ya mto, tukarudi tumejaa vumbi hadi kwenye kope. "Munatafutaka nini kule?" jirani yangu aliniuliza siku moja. Nikamjibu kwamba tunatafuta njaa, maana nyumbani imekwisha. Domo langu halina breki, nalijua hilo.

Hatukuwa peke yetu. Ilikuwapo ekipi nzima, watu wenye majipu mabovu waliyoyafufua kwa mikono yao: mafundi umeme wa kiwandani, muuza vipuri, muuguzi mmoja mwanamke aliyeendesha vizuri kuliko wote. Shefu wetu, mkuu wa msafara, alikuwa fundi wa magari, mlokole, aliyeomba kabla ya safari sala ndefu mpaka injini zikapoa. Sisi Wakatoliki tulisimama na kofia mkononi tukimsubiri Roho Mtakatifu amruhusu aseme amina.

Mimi gari naona ni bati na kelele. Nilikwenda kwa ajili ya mume wangu, halafu, taratibu, nikawa nakwenda kwa ajili yangu. Mwezi wa tisa huku kwetu ni mwezi wa moshi. Nyasi zimeungua, jua linapanda jekundu na unaweza kulitazama bila kufumba macho, na miti, kabla ya tone moja la mvua, inatoa majani mapya ya rangi ya damu ambayo baadaye yanageuka rangi ya asali. Kati ya miti hiyo vinasimama vichuguu, sisi huku tunaviita visugulu, vingine virefu kuliko nyumba yetu. Gari likipanda polepole huwezi kusema kama ni sisi tunaokwenda au ni miti inayopita kututazama. Nilisinzia hivyo mara nyingi, mkono wangu umelala kwenye goti lake. Nikiamka sikujua kama nimelala kidogo au sana, na wala sikuuliza. Nilikuwa na furaha, nasema wazi.

Watu wakisikia majipu porini wanafikiri fujo. Ekipi yetu ilikuwa na adabu kushinda harusi! Karibu na vijiji tulikwenda pole kabisa, maana mihogo imeanikwa kando ya njia na vumbi letu lingeishia kwenye bukari ya mtu jioni. Njia ikigawanyika, huondoki mpaka wa nyuma yako akuone umeelekea wapi. Na ukikutana na baiskeli ya makala, yaani mkaa, unasimama na kuzima injini. Hiyo ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Mtu wa makala anasukuma magunia yaliyompita urefu, na akisimama mlimani hawezi kuondoka tena, kwa hiyo gari ndilo linalosimama. Injini inazimwa ili asimeze moshi wetu, kwa kuwa yule anahema kwa kinywa kizima. Wa mbele akizima, wa nyuma yake anazima, hadi wa mwisho, hata kama haoni kitu. Hakuna honi, hakuna maswali.

Mume wangu alilipenda jambo hilo mno. Alitoa kichwa dirishani, akavua kofia, akasema, "Pita yaya, pita, barabara iko yako." Yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa. Wale wa makala wengi walikuwa wadogo kuliko watoto wetu, nao walicheka huku wanasukuma.

Kulikuwa na sheria nyingine ambayo sikuwahi kuisikia ikitamkwa, lakini wote waliishika. Usukani wa mwenzako huuombi. Hata amechoka, hata amekwama mara ngapi mahali pale pale, unasubiri yeye mwenyewe akunyoshee ufunguo. Kumwomba ni kumwambia mbele ya watu kwamba amekwisha.

Sasa macho yake. Alipostaafu kiwandani alianza kugonga meza, kumwaga chai, kusalimia watu wakiwa wamekwisha kupita. Daktari wa Lubumbashi alimmulika, akasema macho yanakufa kuanzia pembeni. Dawa ya matone ingechelewesha, isingerudisha. Nyumbani nikamwambia aache kuendesha, akaacha. Akakaa anatazama ukuta, chakula anakisogeza tu kwenye sahani, asubuhi hataki kuamka. Jumapili moja sikuweza tena. Nikamwekea ufunguo kando ya kikombe chake cha chai, nikaenda kuvaa viatu. Mume asiyeona ningemvumilia. Mume asiyetaka kuamka alinishinda.

Tangu siku hiyo nikaacha kusinzia. Nikawa naongea njia nzima. "Ona jiwe lile la kushoto, limefanana na mjomba wako akikasirika." "Kulia maji yamekula njia, aibu gani hii." Naye anapinda kushoto, anapinda kulia, anacheka. Hatukusema kamwe kwamba ninamwongoza. Tulifanya kama bibi ameanza kuzeeka na maneno yamemzidi.

Ekipi nayo ikafanya yake. Zamani kila mtu alishika nafasi yoyote. Sasa mume wangu akawekwa wa pili, nyuma ya shefu. Shefu alifunga kitambaa cheupe nyuma ya jipu lake, akawa anapiga honi kidogo kila kona. Mume wangu alidhani ni heshima ya mvi zake. "Unaona, mama? Bananiweka karibu na shefu." Nikasema naona. Moyo uliniuma nikiona alivyokaa wima, kifua mbele, anakifuata kile kitambaa kwenye vumbi.

Halafu kuna mama mmoja wa kijijini aliyebeba beseni la mihogo kichwani. Sikumwona mapema, jua lilikuwa usoni. Nilisikia tu nyasi zinapasuka upande wa dereva, na kwenye kioo cha pembeni nikaona beseni linaviringika njiani. Mume wangu aliendelea kuimba. Tulipofika mtoni muuguzi alinivuta kando tukiosha sahani. Alikuwa amesimamisha gari lake, amemwokotea yule mama mihogo yake, amemwomba msamaha kwa jina letu. "Hakuumia," aliniambia. "Aliruka tu. Lakini alikuwa na mimba, mama." Kisha akaendelea kuosha sahani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shefu, mikono yangu bado ina sabuni. Nikamwambia amwambie mume wangu aache, leo hii, kabla hajaua mtu. Shefu aliangalia maji. "Mama," akasema, "usukani ya muntu hatuombake." Nikamuuliza kama siku ya mazishi wataomba. Akasema wanasali sana juu ya jambo hilo. Eh, Mungu! Nilimwacha pale na sala zake. Lakini mimi niliyekuwa mkali namna hiyo, nilipanda gari na kukaa kando ya mume wangu, na nilipomtazama alivyokuwa anatabasamu na makombo ya samaki kwenye ndevu, sikusema kitu. Nikaanza tena kumwonyesha mawe.

Jumapili iliyofuata moshi ulikuwa mzito. Tulikuwa tunateremka mlima, njia nyembamba, ukuta wa udongo upande mmoja na miti upande mwingine. Shefu alikuwa amekwisha kupotea nyuma ya kona. Mwanga ulikuwa wa njano kila mahali, hauna kivuli, na majani mekundu yalianguka polepole kwenye kioo cha mbele. Nilikuwa karibu kusinzia jinsi nilivyosinzia miaka ile. Mume wangu akafunga breki, akazima injini, akatoa kichwa nje na kuvua kofia.

"Pita yaya, pita, barabara iko yako."

Nikatazama. Mbele yetu, upande wangu wa kulia, kulikuwa na kisugulu cha kimo cha mtu, na gogo lililoungua limekiegemea, jeusi. Mtu hakuwepo.

Nyuma yetu injini zilizimika, moja, halafu nyingine, hadi juu kabisa mlimani. Kimya kikashuka. Nikaangalia kwenye kioo. Muuguzi alikuwa nyuma yetu na alikiona kisugulu kama nilivyokiona mimi. Alikuwa amekaa na mikono mapajani, anangoja. Wote walikuwa wanangoja. Kundi zima la watu wazima lilikuwa limesimama porini kumpisha kisugulu, na hakuna aliyepiga honi. Nilitaka kucheka. Niliwapenda wakati ule, wote, hata shefu na sala zake, na nilitamani tubaki hivyo hivyo, jua limesimama, majani yanaanguka, mume wangu na kofia yake mkononi.

Ndipo baiskeli ikatokea kwenye kona. Ya kweli. Magunia ya makala yamerundikwa, na chini yake kijana ameinamisha kichwa, anasukuma, haoni chochote isipokuwa ardhi. Alipita upande wa kushoto, karibu sana hata gunia likakwaruza mlango wetu. Mume wangu alikuwa bado anatabasamu kuelekea kwenye kisugulu.

"Aksanti papa," kijana akasema, pale pale kwenye kiwiko chake.

Mume wangu aliruka, akagonga kichwa kwenye fremu ya dirisha. "Huyu ametoka wapi?" Akageuka huku na huku, lakini kijana alikuwa amekwisha kupita, tukamsikia tu akihema kando ya magari ya nyuma. Kisha mume wangu akarudisha macho mbele. Akangoja kidogo.

"Na ule mwingine?" akaniuliza. "Juu ya nini hapite?"

Kama kisugulu kile kisingemdanganya asimame, tungeikuta kona ile tukiwa bado tunateremka, na kijana yule ameinamisha kichwa. Ningeweza kusema ule amechoka, anapumzika. Ningeweza kusema twende tu. Watu wa ekipi walikuwa na sheria yao, lakini mimi sikuwa mtu wa ekipi, nilikuwa mke wake.

"Ile haiko muntu, papa," nikamwambia. "Iko kisugulu."

Alikaza macho. Alikaza mpaka mishipa ikatokea kwenye paji la uso. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Na bale ba nyuma? Juu ya nini bamezima?"

"Juu yako."

"Banajua?"

"Wote. Tangu walikuweka wa pili."

Alishika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. Nikamweleza yule mama wa beseni, na mimba yake. Nikamwambia kwamba angemuua kijana aliyepita sasa hivi, na mimi ningekuwa nimekaa hapa nikitazama. Nilisema yote kwa mkupuo kwa kuwa nilijua nikipumua nitanyamaza.

Alishuka. Alitembea akipapasa boneti, akapapasa tena ubavu wa gari, hadi nyuma, akasimama katikati ya njia akielekea mlimani ambako magari yalikuwa yamepangana. Sidhani kama aliona zaidi ya lile la muuguzi. Nilijua hasira zake zote za ndoa, lakini sauti ile sikuwahi kuisikia.

"Mulinipenda mubaya!" akapaza. "Bote! Mulinipenda mubaya!"

Hakuna mlango uliofunguliwa. Muuguzi alikuwa amejifunika uso kwa mikono.

Mume wangu alirudi akipapasa, safari hii upande wangu, akasimama dirishani. Alikuwa analia bila kujificha. "Na weye pia," akaniambia.

"Ndiyo, papa," nikasema. "Na minye."

Akaninyoshea ufunguo. Aliunyosha mkono pembeni kidogo ya pale nilipokuwa, kwa hiyo ilibidi niufuate. Nilijua kuendesha kwa kiasi cha kwenda sokoni, basi, mlimani sikuwahi. Nikasogea kwenye kiti chake, kilikuwa bado cha moto. Yeye akapanda kwenye changu, akautafuta mlango kwa vidole mpaka akaufunga. Niliwasha injini, na nyuma yetu nao wakawasha, mmoja mmoja. Nikateremka kwa gia ya kwanza, nikijifuta macho kwa kiganja kila mara ili nione njia.