Kisa Aongea na Baba Mkwe Nyuma ya Ukuta

"Nani alikwambia umkalishe humu?" Kisa anafoka, khanga imemfunika mpaka puani, uso ameuelekeza kwenye pembe ya chumba. "Nilisema nataka kuongea naye. Sikusema nataka kumwona!"

Mzee Yakobo, baba mkwe wake, amegeukia dirisha, kofia ameishusha usoni. "Mwe! Mshauri, unatutafutia aibu?"

Prisca anavitazama viti viwili alivyovipanga vikitazamana. Ni mshauri nasaha katika zahanati moja ya Mwaya. Amekulia Songea, na leo amesahau kwamba kwa familia za hapa zinazoshika mila, mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani uso kwa uso.

"Nimekosea," anasema. "Kisa, wewe unaona tufanyeje?"

Ndivyo anavyofanya kazi. Watu humjia wakitaka kuambiwa la kufanya. Yeye huuliza, kisha hutafuta jibu pamoja nao.

"Wengine hukasirika," anasema. "Mmoja aliniuliza, 'Sasa serikali inakulipa ya nini?' Lakini nikimpangia mtu maisha, akifika nyumbani yanamshinda. Alilolipanga mwenyewe, analibeba."

Kisa alianza kuja baada ya kufiwa na mume. Alikuwa halali, sufuria zinaungulia jikoni, mpunga unaliwa na ndege. Mzee akaamua mjukuu wake, Elizabeth, mtoto wa Kisa, apelekwe Mbeya kwa shangazi yake, Doreen. Anachukuliwa kesho.

"Atoke," Kisa anaamua. "Akae nje, nyuma ya ukuta. Dirisha liwe wazi."

Prisca anainuka kumsaidia kubeba kiti. Mzee anamkatalia, anakibeba mwenyewe hadi barazani.

"Baba, Elizabeth haendi," Kisa anauambia ukuta. "Siku hizi nalala. Napika."

"Mshauri, muulize," sauti inajibu, kana kwamba Kisa hasikii, "hali ikimrudia?"

Prisca anamtazama Kisa.

"Ikirudi nitasema mapema. Mama aje alale kwangu, tusaidiane. Lakini mtoto simtoi."

Barazani, Mzee anakohoa.

"Mwambie kwamba mke wangu anakoroma."

Kisa anacheka ndani ya khanga. "Nitavumilia."

Simu inabonyezwa, namba kwa namba.

"Doreen? Ndaga, mwanangu. Kesho usije. Mtoto anabaki kwa mama yake... Ndiyo, nimesema mimi."