Mafundi wa Gegoni

Korido lile siku hizi limekuwa stoo ya viti vilivyovunjika, lakini enzi zake lilinukia mnanaa kutoka mlangoni hadi uani. Ulikuwa ni mnanaa wa dawa ya meno. Na aliyelinukisha hivyo alikuwa mfagiaji wa chekechea, mwanamke wa fagio, ndoo na tambara, ambaye watoto walimbatiza Bibi Sukutua.

Mwalimu mkuu ndiye aliyemponza. Siku moja aliwaambia watoto wacheke, wakacheka, akaona meno meusi yalivyojaa humo, akashika kichwa. Kesho yake alileta miswaki ishirini na miwili, akamwekea mfagiaji mikononi.

"Mama, wewe wanakusikiliza. Mimi nikitaja mswaki wanakimbia utadhani nimetaja sindano."

Basi Bibi Sukutua akapigilia misumari ishirini na miwili juu ya sinki refu la korido. Kusoma hakujua, na watoto nao ndiyo kwanza wanaanza, kwa hiyo juu ya kila msumari alichora picha: kiatu, jua, samaki, kijiko. Ng'ombe wake alifanana na kitanda, lakini mwenye ng'ombe alimjua ng'ombe wake.

Kila baada ya chakula cha mchana walipanga mstari. Aliwawekea dawa kidogo tu, kama punje ya njegere, wakaanza kusugua, na ukiwa nje ungedhani mvua inapiga bati. Povu! Kuna siku lilipanda hadi dirishani, mpita njia akaja mbio na ndoo akidhani jengo linachemka. Asiyeamini na akamuulize huyo mpita njia.

Tatizo ni kwamba walisugua kama wanaodaiwa: huku mara mbili, kule mara moja, tema, kimbia. Ndipo Bibi Sukutua alipowatungia mafundi.

"Humo midomoni mwenu," aliwaambia, "wamo mafundi wadogo, kumi wanakaa juu ya chembe moja ya chumvi na nafasi inabaki. Ukila pipi wanashangilia, wanatoa patasi na nyundo, wanachimba vyumba ndani ya gego. Sebule, jiko, choo…"

"Choo!" watoto walipiga yowe.

"Choo. Unadhani mdomo unanuka bure?"

Walisugua siku hiyo hadi miswaki ikaomba poo. Bibi Sukutua alitembea wiki nzima shingo juu.

Sasa, alikuwapo mtoto wa miaka minne aliyeitwa Chiriku, maana alianza kuongea getini asubuhi na kituo aliweka jioni. Siku moja Chiriku akaja kimya. Alisimama mbele ya sinki, mswaki mkavu mkononi, midomo kaibana, shavu moja limevimba.

"Chiriku, kulikoni? Umemeza kufuli?"

Akatikisa kichwa. Bibi Sukutua akageuza ndoo, akaketi, akampakata. Ndipo sauti ikapenya katikati ya meno:

"Mimi siwafukuzi, Bibi."

"Huwafukuzi akina nani?"

"Mafundi. Wana watoto wao. Wataenda wapi?"

Kumbe ilikuwa wiki ya pili huyo hajapiga mswaki. Nyumbani aliulowesha tu, mama yake akaridhika. Tena kila akienda kulala alibana kipande cha pipi kwenye gego, ili wageni wake wasilale njaa.

"Ila sasa wanagonga sana," alisema, machozi yakimtoka. "Nafikiri wanajenga ghorofa."

Bibi Sukutua alimfuta machozi. Maisha yake yote alikuwa amewapiga watu wazima kamba na akalala usingizi wake fofofo, lakini uongo huu ulikuwa unaoza mdomoni mwa mtoto.

"Sikiliza, mwanangu. Hakuna mafundi. Ni vijidudu tu vinavyokula sukari iliyobaki. Bibi alitania."

Chiriku alimtazama kwa huruma. "Usiogope, Bibi. Sitamwambia mtu kwamba wapo."

Mama yake alimpeleka kwa daktari wa meno. Chiriku hakufungua mdomo. Daktari alibembeleza, akachekesha, akaimba na kuimba, wapi. Akapapasa shavu kwa nje, akasema gego huenda bado linazibika, lakini wakichelewa zaidi ya wiki hiyo, litang'olewa. Mwalimu mkuu aliposikia alikuja koridoni mwenyewe.

"Mama, umewaambia nini watoto wangu?"

"Kidogo tu, Mwalimu."

"Kidogo! Haya, hicho kidogo kirekebishe."

Mchana huo Bibi Sukutua alichuchumaa mbele ya Chiriku, akamnong'oneza sikioni. "Mafundi wamenituma. Wanataka kuhama. Humo ndani giza limewachosha, na bomba la sinki lina vyumba vikubwa, maji ya bure."

Chiriku akafikiri. "Wote wanahama?"

"Wote. Ila hawawezi kuruka, wanapanda mswaki. Ukiharakisha, baba anashuka, watoto wanabaki wanalia."

"Na bibi yao?"

"Bibi yao anaishi gego la mwisho kabisa, na miguu inamuuma. Huyo lazima umsubiri."

Chiriku akafungua mdomo. Alisugua nje, akasugua ndani, akapita juu, polepole, akainamisha kichwa ili mteremko usiwe mkali. Alisukutua, akatema taratibu, akachungulia tundu la sinki, akapunga mkono.

Jioni alikuwa kwenye kiti cha daktari, mdomo wazi kama pango. "Angalia kama wamesahau mtoto," aliagiza. Daktari akamulika tochi, jino kwa jino, hakuharakisha hata moja. "Nyumba tupu," akasema. Gego likazibwa, likabaki mahali pake.

Habari za yule bibi mwenye miguu mibovu zilienea mstari mzima, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kutema mapema. Hiyo ndiyo miaka Bibi Sukutua aliyoipenda kuliko yote: migongo ishirini na miwili imeinama, povu kidevuni, na mwalimu mkuu mlangoni anagonga kengele ya darasa mara ya tatu.

"Jamani, bado tu?"

"Bado, Mwalimu," anajibu Chiriku, mdomo umejaa. "Ndiyo kwanza anatafuta viatu."