Nani Aliwatuma Kuunyoosha Mkono wa Mughenyi?

Ile siku naikumbuka vizuri, mwanangu, maana hasira yake haijanitoka mpaka leo. Nikiona mtu anamchora marehemu kisha anamremba, damu inanichemka. Sogeza kigoda uje karibu, sina nguvu ya kupiga kelele, ingawa hapa nitapiga.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulihamishwa kutoka makazi yetu ya zamani, tukapangwa kando ya barabara si mbali na Ihanja, nyumba zimefuata mstari. Nilikuwa msichana, nafundisha kisomo cha watu wazima, na Mungu alinijalia kujua kuchora. Ofisi ya kijiji ilipokwisha kujengwa, kamati ikaniomba niwachore ukutani wazee wetu wa zamani waliotenda mema, halafu siku ya ufunguzi nisimulie habari zao. Nikawaambia, wa kwanza ni Mughenyi.

Humjui. Nani angekufundisha? Mughenyi alikuwa mama mkulima wa uwele, basi. Vita ya Wajerumani na Waingereza ilipofika huku kwetu, askari walipita nyumba kwa nyumba wakizoa nafaka, hata ya mbegu. Yeye akajaza mbegu zake kwenye kilindo, lile pipa letu la gome la mti, akakifukia zizini chini ya samadi, ng'ombe wakalala juu yake. Askari wakampiga aseme zilipo, wakampiga mpaka mkono wa kulia ukavunjika kwenye kiwiko. Hakusema! Mvua zilipofika akawagawia majirani mbegu kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia uliunga vibaya, ukabaki umepinda mpaka anazikwa.

Picha yake haikuwepo. Aliyebaki kumjua sura ni binti yake, Bibi Zaina, naye alikuwa kikongwe. Unajua kwetu mtoto hupewa jina la bibi wa ukoo, na wazee humwita mama. Basi Bibi Zaina akamleta mjukuu wake, Mughenyi mdogo, akamkalisha mbele yangu. "Uso ni huu huu," akasema. "Wewe mchore huyu, mimi nitakuonyesha uzee ulipita wapi." Nikachora kwa mkaa, naye ananisahihisha: taya likaze, shavu lipungue. Tulipofika kwenye mkono, akaukunja wa kwake nione ulivyokaa.

Nilipomaliza, alikaa chini mbele ya ule ukuta. "Mwalimu," akasema, "kaburi la mama limebaki kule mahameni, na miguu yangu haifiki tena. Sasa nimepata pa kuja kumwona." Nililia, mwanangu, sioni haya kukuambia.

Sasa sikia upumbavu! Mwenyekiti wa kijiji akaja kukagua, mikono nyuma. "Mwalimu, mgeni rasmi anatoka wilayani. Tumwonyeshe shujaa kilema? Tutachekwa." Nikabishana naye mpaka koo likakauka. Wazee wa kamati wako pale, wanatazama viatu vyao. Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Siku ile liliharibika nao wamekaa kitako. Kesho yake nakuta fundi ameshapitisha chokaa na kuchora upya. Mkono umenyooka, umeinua jembe, na mashavu yamejaa kama ya bibi harusi. Mtu aliyepita kwenye njaa! Nilitamani niung'oe ukuta wenyewe.

Siku ya ufunguzi ikafika, ngoma zinalia, mgeni rasmi ameketi. Bibi Zaina akaja na kanga mpya, mjukuu amemshika mkono. Akasimama mbele ya ukuta, akatazama sana, kisha akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni nani?"

"Wanasema ni mama yako, bibi."

"Huyu simjui."

Mwenyekiti akachekacheka. "Bibi, tumempendezesha kidogo tu, kwa ajili ya wageni."

Loo! "Umempendezesha nani?" Bibi Zaina alifoka mpaka ngoma zikanyamaza. "Mkono ule ulivunjwa ili baba yako apate cha kupanda! Alikula uwele wa mama yangu, akakua, akakuzaa wewe. Leo wewe ndiye unamwonea haya?"

Akaenda mpaka kwenye mafiga walipokuwa wanapikia wageni, akaokota kipande cha mkaa, akarudi. Kikongwe ambaye hajawahi kushika kalamu! Akapiga mstari mweusi katikati ya lile jembe, ukashuka, ukapinda kiwikoni. Ulikuwa mbaya, umetetemeka, na ndio ulikuwa mkono wenyewe. Mwenyekiti akainuka amzuie. Mgeni rasmi akamwambia aketi. Bibi Zaina akawageukia watu, akasimulia habari za mama yake mwanzo hadi mwisho, mimi nikasikiliza kama wengine. Kabla ya mvua za mwaka ule, naye tukamzika.

Sasa nisikilize vizuri. Asiyekuwepo na lake halipo. Marehemu hawezi kuja kukuambia umekosea, ndiyo maana ninyi wachoraji wa leo mnamfanyia mnavyotaka. Mnaniudhi! Ukitaka kumchora mtu wa kale ambaye hakuna aliyemwandika popote, tafuta kwanza aliyemjua, ukae naye angali hai, umwulize mtu huyo aliumia wapi. Chora hapo. Ukimwondolea kovu lake umemwondolea na alichotenda. Na kama kovu hilo unalionea haya, mwache apumzike, chora maua.

Mungu akupe jicho lisilokwepa, mwanangu, na akupe maisha marefu. Na siku yako ikifika, wakianza kukuremba, akuinulie mtu wa kubisha kwa niaba yako.