Maganda ya Mahindi Chini ya Mgongo

Wiki iliyopita mwanangu alirudi kutoka kambi ya shule akiwa amebeba machela ya nailoni, kile kitanda cha kitambaa kinachoning'inizwa kati ya miti miwili. Aliifunga kwenye nguzo za veranda yetu hapa Kimumu, Eldoret, akajilaza humo kama mbunge, kisha akanionyesha blanketi nene iliyoshonwa ifungwe chini ya machela, kwa nje.

"Mum, unajua hii ni ya nini? Watu hudhani baridi inatoka juu. Inatoka chini."

Nikamwambia najua. Alicheka, maana hajawahi kuniona nikilala popote isipokuwa kitandani.

Wewe rafiki yangu, kama umelelewa huku kwetu, huhitaji kuelezwa baridi ya mwezi wa saba. Unakumbuka mvua ya mawe ikipiga mabati mchana, na asubuhi nyasi zikiwa nyeupe, na wanafunzi wakitoa moshi mdomoni wakijifanya wanavuta sigara. Lakini wengi walikuwa na kitanda cha kurudia, na jiko la mama. Mimi mwaka mmoja nilikuwa bweni.

Tulikuwa tumetoka Magharibi, tukapanga nyumba Kiplombe. Baba alikuwa karani wa kampuni ya mbao, mama akiuza mitumba, na wote wawili waliamini kwamba mtoto akilala shuleni atarudi akiongea Kizungu. Basi nilipoingia darasa la nne nikapelekwa shule moja ya binafsi, mbele kidogo ya kituo kiitwacho Ziwa, katikati ya mashamba ya mahindi. Mwenye shule tulimwita Dairekta. Alikuwa mtu wa suti iliyopigwa pasi vizuri, na akiomba mbele ya wazazi hata akina mama wagumu walitoa leso.

Siku ya kwanza wazazi walionyeshwa bweni la mbele. Lilikuwa limepakwa rangi, lina vitanda vya chuma na mapazia ya maua. Kila mtoto akatandikiwa godoro lake alilokuja nalo, mama akalipapasa, akaridhika, akaenda. Gari la mwisho lilipotokomea, matroni alituambia tukunje magodoro. Yakafungiwa stoo, yasichafuke. Sisi tukapelekwa nyuma, kwenye ghala la zamani la mahindi. Sakafu ilikuwa ya udongo na ilitota maji, panya walikuwa wengi, kwa hiyo Dairekta alikuwa ametundika magunia ya katani kwenye nguzo, safu baada ya safu, kila moja limefungwa kamba huku na huku. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vitanda vyetu.

"Wanajeshi hulala hivi," alitwambia. "Na wao hawalii."

Mwanzoni tulifurahi. Ni nani mtoto asiyependa kubembea? Tulisukumana, tukaanguka, tukacheka mpaka matroni akaja na mwiko. Halafu jua likazama. Gunia likikukumbatia mgongo, hakuna kitu kati yako na upepo unaopita chini. Ukijifunika blanketi juu, kifua kinapata joto na mgongo unabaki kama umelalia maji ya mto Sosiani. Ukiitandika blanketi chini, uzito wako unaibana inakuwa kama karatasi, na sasa juu huna kitu. Tulijaribu kulala wawili wawili, magunia yakapasuka, tukachapwa kwa kuharibu mali ya shule.

Aliyelala kando yangu alikuwa mtoto wa darasa la pili, mdogo, amepoteza meno mawili ya mbele. Kwao kulikuwa ziwani, ziwa lenyewe kubwa, upande wa Wajaluo. Baba yake alikuwa mwashi mjini Eldoret na mama alibaki nyumbani. Alipoambiwa shule iko Ziwa alifurahi sana, akajua atayaona maji. Alifika, akatazama mahindi pande zote, akaniuliza, "Sasa ziwa liko wapi?" Tulimcheka muhula mzima. Tukamwita Samaki.

Yeye baridi ilimuumiza kuliko sisi. Alikuwa hajawahi kuvaa sweta maishani mwake. Asubuhi vidole vyake vilikataa kushika kalamu, na mwalimu wa Kiingereza, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia avipulizie kisha akamchapa kwa mwandiko mbaya. Lakini huyo mtoto alikuwa na macho ya kuangalia vitu. Kazi yetu ya Jumamosi ilikuwa kumenya mahindi ya Dairekta yaliyobaki msimu uliopita, na maganda tuliyarundika nyuma ya jikoni. Akaona kwamba kuku wa mpishi walikuwa hawalali juu ya rundo lile. Walichimba wakaingia ndani. Akaingiza mkono pale walipotoka, akauacha humo, akaniita nami niingize wangu. Palikuwa na joto kama kikwapa.

Tukabeba maganda, tukajaza ndani ya magunia yetu, tukayalalia. Hayakusaidia. Yalibanwa yakawa bapa, na yaliyobaki yakahamia pembeni. Nikakata tamaa. Yeye hakukata. Alitafuta gunia lingine lililotoboka, akalijaza maganda kidogo tu, yamelegea, akalifunga kwa kamba chini ya lile la kulalia, kwa nje, likaning'inia kama tumbo la ng'ombe mwenye ndama. Akapanda. Muda si mrefu nikamsikia akicheka peke yake.

"Njoo uweke mgongo," akaniambia.

Sikujua mgongo unaweza kufurahi. Yale maganda hatukuyagusa, uzito wetu haukuyafikia, na upepo ulipokuja ulikutana nayo kwanza. Wiki haikuisha kabla ghala zima halijaning'iniza matumbo. Tulilala na milio ya maganda chini yetu, kama mtu anayekunja gazeti taratibu, na mpaka leo sauti ya mahindi makavu yakimenywa hunitia usingizi. Zile ndizo siku nzuri nilizopata pale. Hata uji usio na sukari ulishuka.

Siku ya wazazi ikakaribia. Asubuhi moja Dairekta alikuja kukagua ghala, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Alisimama mlangoni akatazama.

"Hii ni nini?"

Matroni akasema ni uchafu wa hawa watoto, yeye amewakataza mara nyingi, jambo ambalo halikuwa kweli. Dairekta alichukua fimbo akachoma gunia moja, maganda yakamwagika sakafuni.

"Nani amewafundisha uvivu?"

Macho ya watoto wote yakaenda kwa Samaki. Hatukumtaja, tulimtazama tu. Ilitosha.

Alimwita mbele, akamwuliza kama anasikia baridi. Mtoto akasema ndiyo. Akamwuliza kama anataka joto. Akasema ndiyo tena, maana alidhani anaulizwa. Basi tukaamriwa tufungue matumbo yote tuyapeleke uwanjani. Rundo lilikuwa kubwa kupita kimo cha matroni. Dairekta akampa yule mtoto kiberiti. Njiti ya kwanza ilimponyoka, ya pili pia, matroni akacheka. Ya tatu ikashika.

Maganda makavu huwaka kwa fujo. Tulirudi nyuma, na Dairekta akatuita tusogee.

"Si mnataka joto? Oteni sasa. Oteni mshibe."

Nasi tulisogea. Ulikuwa moto mzuri, na sisi tulikuwa na baridi tangu alfajiri. Tulinyoosha mikono, tukageuza migongo ipate nayo, wengine wakaanza kucheka na kusukumana kama walioko kwenye sherehe. Samaki alisimama karibu kuliko wote, viganja wazi, uso umeangazwa na moto. Dairekta alitutazama, akatikisa kichwa kwa furaha, akaenda zake kunywa chai. Moto ule haukukaa. Maganda si kuni.

Samaki alianza kukohoa wiki hiyo hiyo. Mpishi alimpa maji ya moto yenye chumvi, matroni akasema anajifanya ili apelekwe nyumbani. Siku ya wazazi ilipofika, magodoro yalitolewa stoo, tukatandika vitanda vya chuma kule mbele, na kila mmoja akakalishwa juu ya godoro lake kama mgeni. Baba yake Samaki, yule mwashi, alikuja na ndizi na soda, suruali yake ina madoa ya saruji yaliyokataa kutoka. Akamshika mtoto shavuni.

"Huyu ana moto."

"Ni homa kidogo tu, Mzee," matroni akamwambia. "Hali ya hewa ya huku hajaizoea. Watoto wa ziwani wote huwa hivi."

Mtoto akamwinamia baba yake akamwambia jambo kwa Kijaluo, polepole. Baba akainua macho, akatazama godoro, akatazama mapazia ya maua, akamtazama matroni. Nilikuwa kitanda cha pili, na nilidhani sasa atasema. Matroni akatabasamu. Yule mzee alikuwa mtu mpole, na nadhani alikuwa hajawahi kumpinga mtu aliyevaa viatu vizuri.

"Vumilia," akamwambia mtoto kwa Kiswahili, ili matroni naye asikie. "Shule ni hivyo." Kisha akamgeukia matroni. "Asante, Mama, kwa kumwangalia."

Jioni magodoro yakarudi stoo.

Baada ya siku chache mtoto hakuamka kwenda kuoga. Nilitikisa gunia lake, akafungua macho tu. Mchana baba yake aliitwa, akaja mbio. Alimfunga mgongoni kwa shuka kama mwanamke anavyobeba mtoto mchanga, akashika njia ya kwenda barabarani. Nilikuwa nachota maji. Niliona miguu yake ikining'inia pande zote mbili za kiuno cha baba, soksi moja imeteremka.

Jumatatu yake, kwenye paredi, Dairekta alitangaza kwamba mwenzetu amehama shule. Wazazi wake wameamua arudi karibu na nyumbani. Akaongeza kwamba kuna watoto wanaofaa kusoma na kuna wanaofaa kuvua samaki. Tulicheka. Nilicheka pia.

Sasa nikwambie kilichoniuma zaidi kuliko baridi. Miaka yote iliyofuata nilimwonea wivu. Nilimaliza shule nyingine, nikapata kazi mjini, nikaolewa, na kila mwezi wa saba nilimfikiria yule mtoto akiwa ziwani kwenye jua, akiogelea, akimenya chungwa, mgongo wake umekauka na una joto. Nilimchukia kidogo kwa kutuacha.

Kuna mama mmoja huuza omena sokoni, wale dagaa wa ziwani, ameshazeeka, hupima vizuri na huongeza kiganja. Nimenunua kwake kwa muda mrefu. Mwaka jana, siku ya mvua, nilijikinga chini ya turubai lake tukazungumza. Akaniuliza nilisomea wapi nikiwa mdogo. Nilipomwambia, mkono wake ulisimama ndani ya gunia la omena.

"Mtoto wangu wa kwanza alisoma huko," akasema. "Alifurahi sana kwenda. Alidhani ataona maji."

Nikakaa juu ya ndoo. Nilimwambia tulilala kando kando. Nikamuuliza yuko wapi siku hizi, nikitabasamu, rafiki yangu, nikitabasamu kabisa.

Hakufika nyumbani, akaniambia. Mapafu yalikuwa yamejaa, akafia hospitali moja ya njiani, baba yake akamleta kwa sanduku. Mwashi naye hakuishi sana baada ya hapo. Hakurudi tena Eldoret kujenga, alikaa tu nyumbani akitazama mahali pamoja mpaka akaisha.

"Na mimi sikumwona," akasema. "Nilikuwa na mimba kubwa. Wazee walikataa, wakasema mwenye mimba haangalii maiti. Sanduku lilipita mbele yangu limefungwa. Picha hatukuwahi kupiga."

Mvua ilikuwa ikinyesha kwenye turubai. Nilitaka kumwambia juu ya moto na magunia, nikaona hakuna anachoweza kufanya nayo. Dairekta alishazikwa, kwa kwaya na hotuba ndefu. Ghala lilibomolewa, mabati yakauzwa, na pale uwanjani watu wamegawa ploti wamejenga. Matroni sijui alikoenda. Wanafunzi tuliokuwa naye tukikutana tunaongea juu ya uji na viboko, tunacheka mpaka machozi, na hakuna anayemtaja.

Yule mama alifuta mikono kwenye kanga, akanisogelea.

"Wewe ulimwona mwisho mwisho. Aliponiacha hakuwa na meno ya mbele, hapa na hapa. Yalikuwa yameota?"

Nilifikiria. Nilimtafuta kitandani, nikamtafuta jikoni kwa kuku, nikamtafuta kando ya moto uso umeangazwa, labda amefungua mdomo kwa ule mwanga. Niliona viganja vyake. Niliona soksi. Mdomo sikuuona.

"Sikumbuki, Mama," nikamwambia.

Alitikisa kichwa taratibu, akarudi kwenye kiti chake, akaanza kupanga upya mikebe ya kupimia ambayo tayari ilikuwa imepangwa.

"Basi," akasema. "Sina mwingine wa kuuliza."