Suruali Zilizochakaa Magotini

Kwa miaka ishirini na saba, Mama Viraka alishona nguo za wanajeshi katika karakana iliyo nyuma ya kambi: chumba kirefu chenye madirisha sita, cherehani nne na meza moja ya kupigia pasi. Uwanja wa vita hakuwahi kuuona. Hata hivyo, habari za vita alizipata kabla ya magazeti, kwa kuwa nguo iliyochakaa haina msemaji wa kuisahihisha.

Katika vita vya zamani suruali zilirudi zimeliwa pindo na kulika mapajani, kwa sababu watu walitembea. Miaka ya karibuni matundu yalianza kuhamia makalioni. Jambo hilo lilimsumbua, akamuuliza bwana stoo, aliyekuwa akipokea na kutoa nguo zote za kambi.

"Afande, siku hizi watu wenu wanapigana wamekaa?"

"Ndiyo, mama. Wanarusha ndege zisizo na rubani. Mtu yuko kitini, anatazama skrini, na adui yuko mbali huko."

"Na adui naye?"

"Naye kakaa."

"Sasa kama wote wamekaa, si waongee tu?"

"Viti vimeachana mbali mno, mama," alijibu bwana stoo, akaendelea kuhesabu soksi.

Kitinda mimba wa Mama Viraka alipojiunga na jeshi, akapelekwa vitani na kumpigia simu kwamba amepewa kazi ya kiti, mama alishukuru. Alimshonea hata mto wa kukalia, akauwekea zipu.

Miezi minne baadaye, Jumanne asubuhi, alifungua furushi la nguo za kushonwa. Suruali ya tatu ilikuwa imechanika magoti yote mawili. Ndani ya mkanda wa kiunoni kulikuwa na namba ya askari, na mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Aliiandika kwa wino siku mwanawe alipoondoka. Alimaliza kwanza mkono wa shati uliokuwa chini ya pasi, kwa sababu pasi haina subira. Kisha akapiga simu.

"Umekaa, mwanangu?"

"Nimekaa, mama. Kitini kabisa."

"Nieleze basi, kiti gani hicho kinachochakaza magoti? Suruali yako iko mezani kwangu."

"Viti ni vya wachache, mama. Sisi tuko chini. Na wale wenye viti vya upande wa pili wanatuona kutoka juu kwa ndege zao. Ukisimama tu, umekwisha. Kwa hiyo tunatambaa."

"Ulianza kutembea ukiwa na miezi kumi."

"Najua, mama. Unaniambia kila mwaka."

"Vita hivi vitaisha lini?"

"Zamani viliisha watu wakichoka. Hizi mashine hazichoki."

"Hata hizi zangu hazichoki. Nikichoka mimi, ninazizima."

"Basi ombea wachoke wanaoziwasha. Huku hatujawahi kuwaona."

Mama Viraka hakuwa mtu wa kungoja watu asiowajua wachoke. Alikwenda stoo, akamwambia bwana stoo kwamba cherehani ya nne haina mtu tangu shoga yake aliyeitumia astaafu, na kwamba kitinda mimba wake anafaa kuikalia.

"Mama, kamanda anapokea barua za akina mama kila siku."

"Wangapi kati yao wana cherehani isiyo na mtu?"

Bwana stoo alikuna kidevu. "Anajua kushona?"

"Nimemfundisha mwenyewe."

Barua iliandikwa. Siku kumi na tisa zilipita, na katika siku hizo Mama Viraka alifungua kila furushi yeye mwenyewe, akisoma namba kwenye mikanda. Siku ya ishirini kijana alifika, amekonda, lakini viungo vyote vimetimia. Nafasi yake huko mbele ilikwisha kujazwa na mtoto wa mtu mwingine. Mama Viraka aliambiwa hivyo, akafunika chakula chake cha mchana na kurudi kwenye cherehani.

Jioni bwana stoo alikuja kukagua. Aliinua suruali ya kwanza aliyoshona kijana. Miguu yote miwili ilikuwa imeungwa ikawa mmoja.

"Mama, ulisema umemfundisha."

"Nilimfundisha, afande. Sikusema alijifunza."

Bwana stoo alimtazama kijana, akayatazama magoti yake. Kisha akatoa kifumua uzi mfukoni, akakiweka juu ya cherehani.

"Fumua," alisema. "Anza upya. Hapa hakuna haraka."