Kwa Dada Mishi, aliyenifundisha kupima kasi ya risasi

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu wa dawati moja. Mimi hulenga shabaha. Kwa bunduki ya upepo. Na aliyenifundisha ni Dada Mishi, yule ambaye tangu Alhamisi watu wa Ukunda wanaweka picha zake akiwa na yunifomu ya hoteli.

Akili yangu inakataa. Kila simu ikilia nadhani ni yeye, ananijibu "Noted!" kama kawaida yake.

Nyinyi mlimjua wa reception kule Diani, anayecheka na wageni. Mimi nilimjua wa siku ya off, akifungua sanduku la chuma la klabu yetu ndogo ya kulenga shabaha kule Bongwe, ufunguo umening'inia shingoni chini ya mtandio. Bunduki haikutoka mpaka yeye awepo.

Mama anajua nilikuwa nikienda kwake kusoma Fizikia. Si uongo mtupu.

Risasi zangu zilikuwa zimeanza kutua chini ya shabaha, nami nikaamua mkono wangu ndio haufai. Mimi ni wa kunyamaza. Nilitaka kuacha bila hata kuaga.

Dada Mishi akaagiza kipima-kasi mtandaoni, kile cha bei rahisi kabisa, ili tujue kosa liko wapi. Kijisanduku cha plastiki chenye macho mawili yanayotazama juu. Risasi ikipita juu ya jicho la kwanza, kivuli chake kinaanzisha saa. Ikipita juu ya jicho la pili, saa inasimama.

"Ni kama kazini kwangu," akanieleza. "Hapa mgeni ana-check in, pale ana-check out. Lakini hii front office haijui sura za wageni. Kivuli chochote kikipita, inaandika."

Tukakiweka ndani ya banda la makuti, mahali penye kivuli, kama mtu yeyote wa Pwani angefanya. Wueh! Mara mita mia moja na sabini kwa sekunde, mara mia tatu na kitu, mara ERROR.

"Alaa! Hii imeshavuka mpaka wa Lunga Lunga bila pasipoti!"

"Samahani dada, nimekosea tena."

Akanikazia macho. "Umekosea nini, mdogo wangu? Kwani wewe ndiye unayetikisa makuti?"

Ndipo nikatazama. Upepo ulikuwa ukisogeza makuti, na vitone vya jua vilikuwa vikicheza juu ya yale macho mawili. Mashine ilikuwa ikipima jua.

Tukatoka nje. Jua likayapiga yale macho moja kwa moja, mashine ikawa kipofu kabisa. Akavua leso yake ya kiunoni, tukaitandaza juu ya vijiti. Upepo ukaipeperusha, na kasi ikaandikwa kabla sijagusa bunduki.

"Leso yangu ina mbio kukushinda!" Alicheka mpaka akatafuta inhaler yake ya pumu.

Juma lililofuata alikuja na mtungi mweupe wa mafuta ya kupikia kutoka jikoni kwao hotelini, ameukata katikati. Akaufunika juu ya kile kipima-kasi kama paa. Mwanga ukaingia laini, sawasawa, hautikisiki.

Akaweka betri mpya, "si hizi za rimoti." Akakisogeza mbele kidogo, ili hewa inayotoka mdomoni mwa bunduki isikisumbue. Akafunga uzi ulionyooka ili kila risasi ipite njia moja, kimo kimoja. Siku hiyo hakuniruhusu hata kulenga shabaha. Nilipima tu.

Nambari zikatulia, zimekaribiana kama watoto wa madrasa kwenye mkeka.

Halafu zikaanza kushuka, taratibu, risasi baada ya risasi. Nikaona haya. Yeye akaruka. "Umeona? Sasa tunaweza kuziamini! Si mkono wako. Bunduki inavuja hewa!"

Fundi akabadilisha mpira mmoja mdogo wa kuziba hewa. Nikalenga tena. Katikati. Katikati. Nililia, nikajifanya ni vumbi.

Mwezi uliopita nilichaguliwa kwenda kushindana Mombasa, mzazi akikubali. Na Mama hataki hata kusikia neno bunduki. Kwao bara, kaka yake aliuawa kwa risasi na wezi wa mifugo. Bunduki zikitajwa kwenye TV, anazima.

"Huyo niachie mimi," Dada Mishi akasema. "Nikipata off nitakuja nimwamkie, nimweleze kwa adabu. Jambo zuri kama hili halifichwi."

Hiyo off haikufika. Kifua kilimbana, wakamkimbiza hospitali ya Msambweni, akafariki, na alasiri ile ile akazikwa kwao Waa. Inna lillahi.

Jana tulikwenda kutoa pole, mimi na Mama. Nikamwamkia mamake Dada Mishi, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe yule wa shabaha? Mishi alikuwa hanyamazi juu yako. Alisema hajaona mkono uliotulia kama wako."

Mama alinitazama. Tangu jana ananikwepa tu, na mimi namkwepa.

Sasa nasikia ndara zake kwenye korido. Huwa nikizisikia naigeuza simu kifudifudi. Leo siigeuzi. Nataka asome kila kitu, kisha aniulize apendavyo, hata akikasirika. Nafikiri nitaweza kumjibu. Nafikiri hata atataka kujua wewe, dada, ulikuwa nani.

Ahsante kwa kutoniacha nijilaumu bure. Ruhusa ya Mombasa nitaiomba mwenyewe.

Lala kwa raha, Dada Mishi. Mama amefungua mlango.