Mkono wa Agustina na Mkono wa Boke

Kwa miaka ishirini na sita Agustina alikuwa fundi cherehani mjini Tarime. Sare za shule, magauni ya kipaimara, suti za mabwana harusi, vyote vilipita mikononi mwake. Kisha asubuhi moja, akiwa anampima mteja kiuno, kiharusi kikamwangusha. Mdomo ulirudi sawa, mguu nao ukapata nguvu kidogo kidogo, lakini mkono wa kushoto ulibaki ukining'inia. Cherehani akampa mdogo wake, naye akawa mtu wa kushinda ndani.

Aliyemtoa ndani ni Vivian Apiyo, jirani yake mtaani Turwa. Kila Jumamosi alasiri wanawake saba walikutana barazani kwa Vivian kufuma kroshia, kwa kupenda tu.

"Njoo ukae na sisi, mama," Vivian alimwambia. "Hata ukituviringishia nyuzi inatosha."

Akaenda. Akaviringisha nyuzi, akacheka na wenzake, na kila Jumapili kanisani akamshukuru Mungu kwa ile baraza.

Siku kikundi kilipopata ruhusa ya kwenda hospitalini kuwafundisha watoto waliolazwa, Agustina alikataa. "Nitamfundisha nani, na mkono huu?"

Vivian hakubishana naye. "Basi twende utushikie nyuzi."

Wodi ya watoto ilichangamka mara moja. Hata aliyetundikiwa dripu alitaka uzi mwekundu. Ila kwenye kitanda cha dirishani binti wa miaka tisa alikuwa amegeukia ukutani. Aliitwa Boke, wa kijiji cha Kenyamonta. Alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na mkono wa kulia, uliovunjika mahali pawili, ulikuwa ndani ya plasta mpaka begani.

"Leo siku ya nane, anajibu kwa kichwa tu," mama yake, Rhobi, alisema kwa unyonge. "Anafikiri wataukata."

Agustina alikaa ukingoni mwa kile kitanda kwa sababu mguu ulikuwa umechoka, basi. Akaushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akaunyanyua na kuulaza mapajani. Boke akageuka kutazama.

"Shikamoo, bibi. Na wewe umevunjika?"

Rhobi alijiziba mdomo, machozi yakamlengalenga.

"Marahaba, mjukuu wangu." Agustina aliendelea kwa Kikurya, kinachosikilizana vizuri na Kingoreme cha akina Boke. "Sijavunjika. Huu umelala tu, umekataa kuamka."

"Hawajaukata?"

"Wala hawakufikiria. Na wako wameufunga ili mfupa uunge. Wa kukatwa nani angehangaika kuufunga vizuri hivi?"

Boke aliigonga plasta yake kwa kidole. "Sasa bibi, unafumaje?"

"Sifumi. Kufuma kunataka mikono miwili."

"Mimi ninao wa kushoto."

Agustina alisogea karibu naye. Akachukua kulabu ya kufumia kwa mkono wake wa kulia, Boke akaushika uzi kwa vidole vyake vya kushoto. Fundo la kwanza likafumuka, na la pili pia. Walipogongana vichwa wakaanza kucheka, na katika kucheka huko fundo moja likashika, likafuatiwa na jingine.

Tangu siku hiyo Agustina hakungoja Jumamosi. Kwa wiki tatu alipanda bodaboda karibu kila alasiri kwenda wodini. Walifuma kofia ya njano, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, na Boke aliongea mpaka wauguzi wakamwomba apunguze sauti.

Siku Boke aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Rhobi alimshika Agustina mkono uliolala, akaubusu. "Mama, umenirudishia mtoto."

"Mimi ndiye wa kushukuru," Agustina alijibu. "Nilikuwa nimeshajihesabu sina kazi duniani."

Boke akamvalisha ile kofia. "Ya kwako, bibi. Kwetu kuna joto."

Miezi mitatu baadaye simu ya Rhobi ilimkuta Agustina wodini, akifuma na mtoto mwingine. Plasta ilikuwa imeshatolewa, na wiki hiyo Boke alikuwa amerudi darasani, anaandika kwa mkono wa kulia. Agustina aliinuka kuwaeleza wenzake, lakini akaishia katikati, akampa Vivian simu. Vivian akamsikiliza Rhobi, akaimalizia habari, na wanawake wakapiga vigelegele humo humo wodini, muuguzi wa zamu akiwa wa kwanza.